Sombe ya Gaju

Habari hii iwafikie wamama wote wanaofuga nyuma ya nyumba, hasa wale ambao kila asubuhi wanatoka, wanaangalia juu, na hawaoni wingu. Ilitokea Gasenyi, pale mji wa Bujumbura unapoanza kupanda milima, kwa mama mmoja anaitwa Lisette. Majirani walimwita Mama Benite, kwa jina la mtoto wake wa pekee. Hakuwa mvivu na hakuwa mjinga. Hilo lisemwe mapema, maana watu wakisikia yaliyompata wanakimbilia kusema alikuwa mjinga, halafu wanarudi nyumbani kufanya kama yeye.

Ng'ombe mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa Bibi Khadidja, mjane mwenye duka la vitambaa Kamenge, wa zile familia za Kiarabu zilizokaa Bujumbura tangu zamani za mababu. Huku Burundi mtu mwenye ng'ombe na asiye na nafasi humweka kwa mwenzake amtunze. Wenyeji wanaita kuragiza. Mtunzaji anatafuta majani, anateka maji, anafagia zizi. Maziwa ni yake na mbolea ni yake, lakini ndama ni wa mwenye ng'ombe. Khadidja alimhurumia Lisette, akaongeza neno. Ndama wa kwanza na wa pili watakuwa wa Khadidja, na wa tatu atakuwa wa Lisette. Hawakuandika popote. Walipeana mikono mlangoni pa duka, na ikatosha.

Ng'ombe huyo aliitwa Gaju, kwa ajili ya rangi yake ya kahawia. Mwaka huo wa jua alikuwa na mimba ya yule wa tatu.

Lisette alikuwa ametoka Kamanyola, ng'ambo ya mpaka, Kongo, siku ambazo risasi zilifika hadi sokoni. Alivuka na godoro kichwani na Benite tumboni. Tangu hapo kila kitu nyumbani kwake kilikuwa cha kupewa au cha kuazima, hata sufuria. Huyo ndama angekuwa kitu cha kwanza chenye pumzi ambacho angeweza kusema ni changu. Jioni alikuwa anaweka kiganja kwenye ubavu wa Gaju, upande wa kulia, anangoja. Ndama akipiga teke, Lisette anacheka peke yake kama mtu aliyeitwa jina.

Mwezi wa tisa mvua haikuja. Wa kumi ukaingia mkavu, ukatoka mkavu. Vumbi la barabara likawa linakaa juu ya majani ya migomba mpaka migomba ikaonekana ya udongo. Na ng'ombe wa mjini si kama ng'ombe wa porini, kwamba utamfungulia ajitafutie. Ni marufuku kuzunguka naye barabarani. Anakaa zizini mwaka mzima, na chakula kinamfuata pale alipo. Kisipomfuata, anakufa akikuangalia.

Zamani vijana wa baiskeli walikuwa wanapandisha mafungu ya matete kutoka bondeni kwa mto Rusizi. Matete yalipoanza kuisha, fungu likawa jembamba na bei ikawa nene. Lisette akaacha kununua, akaanza kutafuta mwenyewe. Alikata nyasi za kwenye makorongo mpaka makorongo yakabaki mawe. Alikwenda soko la Kamenge kuokota maganda ya ndizi na majani ya kabichi, na hapo alikutana na wafugaji wengine wenye shida kama yake, wanasukumana juu ya maganda. Yale aliyopata aliyachambua moja moja, anatoa vipande vya sasheti, ile mifuko ya plastiki, maana sasheti ikiingia kwenye tumbo la ng'ombe haitoki. Alikatakata vigogo vya migomba, akanyunyiza chumvi. Migomba inajaza tumbo na inatoa maji, lakini nguvu haileti.

Siku moja alipasua lile godoro la kutoka Kamanyola. Ndani lilikuwa limejazwa nyasi kavu. Alizilowesha kwa maji ya chumvi, akampa Gaju, na Gaju akala zote.

Mume wake Fortunat, fundi wa kujenga ambaye kazi zilikuwa zimesimama, alirudi akakuta ganda la godoro limeanikwa kwenye kamba. Akalizunguka akilitazama.

"Bon," akasema. "Ngombe imekula kitanda. Kesho itakula mulango, sisi tutalala na ngombe inje."

Lisette alicheka kidogo, na Fortunat naye. Lakini usiku walipolala juu ya mkeka alimwambia maneno mengine, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie. Alisema mtu anayelisha mali ya mwenzake wakati mtoto wake anakula mara moja kwa siku, huyo amepoteza hesabu. Alisema Gaju hakamuliwi tena kwa sababu ya mimba, kwa hiyo hata maziwa hakuna. Amrudishe kwa mwenyewe. Lisette akajibu kwamba akimrudisha, anamrudisha na ndama wake tumboni. Fortunat akageukia ukutani.

Bibi Khadidja naye hakuwa mtu mbaya. Alipopata habari kwamba ng'ombe za watu zinaanguka Gihosha, mtaa wa jirani, alipanda mwenyewe kuja kuangalia, na mtandio wake mweusi umejaa vumbi mpaka mabegani. Alisimama mbele ya zizi muda mrefu. Mbavu za Gaju zilihesabika. Mifupa ya nyuma ilikuwa imetokeza kama vipini vya jembe, na katikati ya ukondefu huo tumbo la mimba lilikuwa linaning'inia kama mzigo wa mtu mwingine.

Alisema wazi, kama mtu wa biashara. Kule Kamenge alikuwa na mchinjaji wake, Massoudi, mtu wa kuaminika. Jumamosi atakuja naye.

"Nikimkuta amesimama kwa miguu yake, tutangoja mvua, inshallah," alimwambia Lisette. "Nikimkuta amelala, Massoudi atamchinja palepale. Akifa mwenyewe ni mzoga, mwanangu. Mzoga ni haramu, haumfai mtu. Usinilaumu."

"Na mutoto iko ndani, Bibi?"

Khadidja akatazama pembeni. Akasema ndama hazaliwi na ng'ombe aliyechinjwa.

Basi kuanzia hapo Lisette alikuwa na kazi moja tu duniani, Gaju asimame Jumamosi.

Alhamisi alisimama. Ijumaa asubuhi alipiga magoti ya mbele, akabaki hivyo kama anayesali, halafu akalala ubavu. Lisette alimshika mkia, akamvuta pembe, akamsemesha maneno ya kubembeleza na maneno ya matusi. Hakuinuka. Fortunat na wanaume wa jirani walileta miti miwili, wakaipitisha chini ya tumbo, huku na huku, wakamnyanyua. Mmoja akauliza kama wanainua ng'ombe au wanapandisha paa, na wengine wakacheka huku mishipa imewatoka shingoni. Gaju alisimama akitetemeka, akaegemea nguzo. Wanaume wakaenda zao. Kabla ya mchana alikuwa chini tena.

Wenye ng'ombe wote wanajua hili. Ng'ombe aliyelala kwa njaa hainuliwi na miti, anainuliwa na kitu kilicho tumboni. Lisette alijua. Aliangalia huku na huku nyumbani kwake, na hapakuwa na godoro la pili.

Alitoka akapanda kwa Irène, mwanamke wa kwao, wa Bukavu, aliyekuwa amekodi kipande cha shamba juu kule Gihosha. Irène alikuwa na muhogo. Siku chache nyuma ilikuwa imenyunya mvua kidogo sana, ya kulowesha vumbi tu, lakini muhogo hauhitaji zaidi. Kwenye matawi makavu yalikuwa yametoka majani mapya, laini, ya kijani kiasi kwamba macho ya Lisette yaliuma kuyaangalia. Miezi mingi alikuwa hajaona kijani.

Irène alikuwa amekaa mbele ya pipa la kulowekea muhogo. Alilalamika kwamba mwaka huu mizizi imekuwa michungu ajabu. Hata ile aina yao tamu sasa inauma ulimi. Analoweka siku nyingi kuliko zamani na bado watoto wanakunja uso. Lisette alimsikia. Alisema pole. Halafu akaomba majani.

"Kata, yaya," Irène akamwambia, kama anayemwita dada mkubwa. "Ngombe ikikufa, ndama yako nayo inakufa. Ilikuwa sombe yetu ya juma yote, lakini kata. Tutakula chumvi."

Huo ulikuwa upendo mkubwa, na hakuna aliyemlaumu Irène baadaye. Kwa watu wa Kivu sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa, ndiyo mboga ya kukulia. Mtoto anaachishwa ziwa kwa sombe. Mgeni anapokelewa kwa sombe. Mtu akikupa sombe ya juma zima wakati wa jua kama lile, amekupa sahani yake.

Lisette alishuka na fungu kubwa kichwani. Njiani, mbuzi waliofungwa kamba walinyoosha shingo wakalia walipomwona akipita.

Jumamosi aliamka mapema. Gaju alikuwa amelala vilevile, shingo ameilaza juu ya gunia, na alipowekewa tawi mdomoni alilishika lakini hakuwa na nguvu ya kutafuna. Jani lilibaki linaning'inia kwenye mdomo. Hapo ndipo Lisette alipowaza kama mama. Mtoto asiye na nguvu ya kutafuna unamlainishia. Akatoa kinu.

Alitwanga kama alivyotwanga tangu akiwa msichana, mikono inajua yenyewe. Harufu ya sombe mbichi ikajaa uwanja. Alipokuwa anatwanga alimkumbuka mama yake, na sauti yake jikoni. Sombe hupikwa na sufuria wazi, mama alikuwa anasema, usifunike, uache kwanza uchungu utoke na mvuke. Na watoto alikuwa anawafukuza mpaka mvuke ule wa kwanza uishe. Lisette alikumbuka yote hayo vizuri, mchi mkononi. Akajijibu mwenyewe kwamba hayo ni ya watu. Ng'ombe hapikiwi. Mbuzi za watu si zinarukia majani ya muhogo kwenye uzio kila siku, na ziko hai? Na makaa yenyewe yako wapi, na Bibi Khadidja yuko njiani.

Alimwaga kile kilichotwangwa kwenye beseni, akakoroga na maji na chumvi mpaka kikawa uji wa kijani. Akakaa chini, akapakata kichwa cha Gaju juu ya mapaja yake, akaanza kumlisha kwa mkono. Gaju alilamba. Baada ya kulamba alikula. Akala mpaka pua ikagonga chini ya beseni, na Lisette akaenda kutwanga tena.

Beseni la pili lilipokaribia kuisha, Gaju alivuta miguu ya nyuma, akasukuma, akasimama peke yake. Hakuna aliyemshika.

Fortunat alikuwa anapiga mswaki mlangoni. Alitoa mswaki kinywani. Lisette hakuthubutu hata kupiga makofi. Alisimama na mikono ya kijani imening'inia, anacheka na kulia pamoja. Akaenda ubavuni, akaweka kiganja pale pake pa kulia, na ndama akapiga teke.

Kama Bibi Khadidja angefika dakika ile, angemkuta amesimama.

Kwanza ilikuwa pumzi. Gaju alianza kupumua kama aliyepandisha mlima, mbavu zinakwenda juu na chini, mdomo umefunguka. Lisette alidhani ni shibe, tumbo lililozoea kukaa tupu. Halafu povu likatoka, na macho yakageuka. Ngozi yote ilikuwa inatetemeka, kuanzia shingoni kwenda mgongoni, kama maji yanayopigwa na upepo. Alipiga hatua moja ya pembeni, akaanguka kwa kishindo, na miguu ikanyooka.

Mtu aliyeshindwa kufanya chochote anaangalia huku na huku, na Lisette akiangalia huku na huku aliona kinu. Benite alikuwa amechuchumaa pembeni yake, anakomba kwa kidole, kama alivyokuwa anakomba siku zote sombe ikitwangwa. Midomo yake ilikuwa ya kijani.

Ng'ombe akatoka moyoni mwake papo hapo. Alimrukia mtoto, akamwingiza vidole kinywani, akamsukutua kwa maji, akamtapisha, akamsukutua tena. Benite alikuwa analia na kumpiga. Lisette aliuliza umekula ngapi, umekula ngapi, na mtoto hakujua kujibu. Alimkumbatia akimsikiliza pumzi, sikio juu ya kifua, na nyuma yake alisikia pumzi nyingine, ile kubwa ya Gaju, inakoroma.

Wakati huo ndipo Bibi Khadidja alipoingia kwa mlango wa uwanja, na Massoudi nyuma yake, visu vimefungwa kwenye kitambaa cheupe.

Massoudi hakupoteza muda. Ni mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno. Aliona ng'ombe anakata roho, akafungua kitambaa, akamwambia Fortunat amshike kichwa wamwelekeze kibla haraka, kabla hajafa. Akichinjwa akiwa hai, nyama ni halali na inaenda sokoni Kamenge mchana huo huo. Fortunat alikwishapiga magoti. Khadidja alikuwa ameinamisha kichwa, ndiyo.

Ila Massoudi aliona lile beseni. Akalitazama, na kisu mkononi.

"Imekula nini?" akauliza.

Fortunat alimtazama mke wake. Lisette aliyasoma macho yake yote. Yalikuwa yanasema nyamaza. Yalikuwa yanasema tutapata fungu letu la nyama, na Bibi atapata chake, na ng'ombe alikuwa wa kufa tu, njaa au kisu. Nani atajua? Gaju alikuwa bado anapumua. Massoudi alikuwa bado anangoja.

Lisette alikuwa amembeba Benite kifuani. Alihisi midomo ya mtoto yenye maji shingoni kwake.

"Sombe," akasema. "Sombe mubichi. Niliitwanga, nikaipatia, mabeseni mbili. Mi ndiye nimemuua. Musipeleke hii nyama kwa batoto ya batu."

Massoudi alishusha kisu. Aliuliza swali moja tu, kama ilikuwa imeanikwa kwanza. Lisette akatikisa kichwa, hapana. Bibi Khadidja alisema innalillahi, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kinu kilicholala. Gaju akavuta pumzi moja ndefu, akaitoa, na nyingine haikuja.

Kwenye ubavu wa kulia, chini ya ile ngozi iliyotulia, kitu kilisukuma. Wote waliona. Kilisukuma tena.

Lisette alimweka mtoto chini. Akamshika Massoudi mkono wenye kisu, kwa mikono yake miwili, akamwomba ampasue Gaju, amtoe ndama. Alisema ni siku zake za mwisho, amekwisha kukomaa. Massoudi alimwangalia Khadidja, na Khadidja akasema mpasulie, ni wake. Basi Massoudi akapasua. Damu ilitoka nyekundu ya kung'aa, kama nyanya, si ile nyeusi ya mnyama aliyekufa, na yeye mwenyewe alisema kwamba tangu aanze kazi hiyo hajaona damu kama ile kwa mfu. Harufu ya sombe ilitoka nayo. Alizamisha mikono hadi viwiko, akavuta.

Alikuwa jike. Ana manywele yote, kahawia kama mama yake, kwato laini za manjano. Lisette alimfuta pua kwa kitenge chake, akampulizia puani, akamsugua mbavu kwa nguvu kama anafua. Ndama alifungua mdomo. Akavuta hewa mara moja, ikasikika, na Lisette akasema aksanti, aksanti, aksanti. Halafu mdomo ukabaki wazi. Alimsugua mpaka Fortunat alipomwondoa kwa kumshika mabega. Sumu ya mama ilikuwa imekwishapita kwenye kitovu.

Bibi Khadidja aliinuka akajifuta vumbi. Uso wake ulikuwa umezeeka. Hakumfokea Lisette, na labda angemfokea ingekuwa rahisi zaidi. Alisema ng'ombe ni wake na ameondoka kwa amri ya Mungu, hadai kitu. Lakini ng'ombe mwingine hataleta hapa. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Huyo mdogo ni wako, Mama Benite. Tulipatana. Umzike vizuri."

Massoudi alibaki nyuma kidogo kumwonya Fortunat. Shimo liwe refu, na lipigwe chokaa juu, maana watu wenye njaa wanafukua.

Na kweli, habari ya ng'ombe aliyekufa ilikuwa imefika mtaani kabla hata ya damu kukauka. Wamama walianza kuja na mabeseni na sufuria. Walisimama kwenye uzio, kwanza na pole nyingi, halafu na maswali, na walipoona Fortunat na majirani wanachimba badala ya kukata, pole ziliisha. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Jembe lilikuwa linaruka na kutoa cheche. Mmoja akasema kwa sauti kwamba Wakongomani wana mali, wanazika nyama. Mwingine akasema hakuna sumu yoyote, wanangoja giza wale peke yao. Fortunat alichimba kwa hasira, amewapa mgongo wote, mke wake pia.

Lisette alikwenda uziani. Aliwaambia kila kitu, mmoja mmoja, na wapya waliokuja aliwaambia tena tangu mwanzo. Hakuona haya, au haya zilikuwa zimeisha. Aliwaambia kwamba jua likikaza, muhogo unajaza uchungu kwenye majani, na yale machanga yanayotoka baada ya mvua ya kwanza ndiyo mabaya zaidi. Kwamba kutwanga kunaufungua ule uchungu wote mara moja, ndiyo maana jikoni sombe inapikwa na sufuria wazi. Kwamba mbuzi anayerukia jani moja uzioni si sawa na mnyama mwenye tumbo tupu anayepewa beseni. Alisema wanachojua wote jikoni alikuwa nacho kichwani mwake asubuhi ile, na akakiacha jikoni.

Wengine waliondoka wanatikisa vichwa. Benite alikuwa amekaa kizingitini, mzima, anakula kipande cha mkate ambacho Bibi Khadidja alikuwa amempa, na kila mara mama yake alisimamisha maneno akageuka kuangalia kama anapumua.

Mwanamke mmoja alibaki, mtu mzima, mkazi wa zamani wa Gasenyi, sufuria yake tupu chini ya kwapa. Alisema yeye ana mbuzi. Jana ameona Lisette akipita na fungu la majani ya kijani kichwani, na alikuwa amekusudia leo aende kutafuta kama yale. Sasa awape nini?

Lisette alimweleza taratibu. Ukate, uyatandaze juani mpaka yakauke, yavunjike mkononi. Uchanganye kidogo na kitu kingine, hata migomba, usimpe aliyekaa na njaa mpaka ashike kwanza kitu tumboni. Na usitwange.

"Kukauka ni siku ngapi?" yule mwanamke akauliza.

"Siku mbili, tatu, na jua hii."

"Na kama ile mbuzi haina hizo siku, Mama Benite? Kama ni leo?"

Lisette alimtazama. Akaitazama na ile sufuria yake tupu. Nyuma yake Fortunat alikuwa ameita, shimo limetosha. Akaenda akamfungua ndama kwenye kile kitenge alichokuwa amemviringisha, akamwinua mikononi. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.